VIPUTO: KUTOKA KIKOMBE CHA CHAI HADI MAKINIKIA YA KAHAMA

Katika miaka ya 1980, kisiwani Taiwan, palizuka kinywaji kipya: chai iliyotiwa maziwa, sukari na barafu, ikatikiswa kwa nguvu mpaka ikafanya povu, kisha ikatiwa tembe laini nyeusi za kutafuna. Kinywaji hicho, ambacho jina lake maana yake ni chai ya viputo, kimeenea tangu wakati huo katika miji mingi ya Asia, Ulaya na Marekani, na hata Nairobi maduka yake yapo. Sambamba na maduka hayo, baadhi ya miji mikubwa imepata kumbi za burudani ambamo wageni hulipa kiingilio ili watazame viputo vya sabuni vinavyomzidi mtu kwa ukubwa, au wasimame ndani yake.

Mwanafunzi wa Shinyanga au Geita anaweza kudhani kwamba mambo hayo yako mbali naye. Sivyo. Tembe zile hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, zao linalolimwa kwa wingi Geita na Sengerema. Kiputo cha sabuni hupulizwa na watoto wa vijijini kwa kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kina uwazi ndani, wala hawalipi kiingilio. Na kiputo cha hewa, kitu chepesi kisichodumu, ndicho kilichopandisha juu dhahabu, fedha na shaba katika migodi ya Kahama, na ndicho kilichozaa makinikia yaliyoshughulisha taifa zima mwaka 2017. Somo hili linaeleza kiputo ni nini, kwa nini husimama kwa muda, na kwa nini huweza kuichukua chembe moja ya jiwe na kuiacha nyingine.

Viputo na tembe

Watu wengi hudhani kwamba jina la chai hiyo latokana na tembe zake. Hata hivyo, tembe si viputo, kwa kuwa hazina hewa ndani. Wanga wa muhogo unapopata moto ndani ya maji, punje zake hunywa maji, huvimba na kugeuka kuwa kitu kizito chenye kunata. Badiliko hilo ndilo lile lile linalotokea uji unapoanza kuwa mzito jikoni. Viputo vya kweli ni vile vya juu ya kikombe, yaani povu linalofanywa na mtikiso.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Maji safi yakitikiswa katika chupa, viputo hutokea na kupasuka papo hapo. Chai ya maziwa ikitikiswa, povu hukaa. Hewa ni ile ile, na sehemu kubwa ya chai ni maji yale yale. Kwa hiyo kuna kitu cha tatu ambacho chai na maziwa vinacho na maji safi hayana. Ili kitu hicho kijulikane, budi kwanza uso wa maji uchunguzwe.

Ngozi ya maji

Molekuli za maji huvutana. Molekuli iliyo katikati ya maji huvutwa na wenzake kutoka pande zote, na hivyo kani hizo husawazishana. Molekuli iliyo juu kabisa haina wenzake upande wa hewani, na kwa sababu hiyo huvutwa kuelekea ndani. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji hujikaza kana kwamba ni ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Kani hiyo huitwa mvutano wa uso. Kwa maji safi yenye joto la kawaida la chumba, kiasi chake ni karibu nyutoni 0.072 kwa kila mita moja ya ukingo. Ni kani ndogo, lakini yatosha kumbeba mdudu anayetembea juu ya maji ya dimbwi, na sindano ikilazwa kwa uangalifu huelea ingawa chuma ni kizito kuliko maji.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuipima kani hiyo kwa makini alikuwa mwanamke wa Ujerumani, Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862. Hakuwa na elimu ya chuo kikuu wala maabara. Alitumia karai la maji na mizani ndogo nyumbani kwao, akachunguza jinsi grisi na sabuni zinavyoubadili uso wa maji. Mwaka 1891 aliandika barua kwa mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, na barua hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature. Walimu wa shule ambazo maabara zake hazijakamilika wana haki ya kuwakumbusha wanafunzi wao mfano huo.

Kazi ya sabuni

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili zenye tabia tofauti. Ncha moja hupenda maji, na nyingine, iliyo kama mkia mrefu, huyakimbia maji na kupenda mafuta au hewa. Sabuni inapotiwa katika maji, molekuli nyingi hupanda juu na kujipanga usoni, vichwa majini na mikia hewani. Zinapokaa hapo, mvutano wa uso hupungua hadi kufikia karibu theluthi moja ya ule wa maji safi, yaani kiasi cha nyutoni 0.025 kwa mita. Ngozi ya maji hulegea, nayo huweza kutandazwa kuwa utando mwembamba bila kukatika upesi. Protini za maziwa hufanya kazi ya namna hiyo katika povu la chai. Hicho ndicho kile kitu cha tatu.

Utando wa kiputo cha sabuni una tabaka tatu: sabuni, maji, kisha sabuni tena. Unene wake aghalabu hauzidi sehemu chache za elfu za milimita. Nuru inayoakisiwa na uso wa nje hukutana na ile inayoakisiwa na uso wa ndani, na kwa mwingiliano wa mawimbi hayo rangi za upinde wa mvua huonekana. Maji ya utando yanapoteremka, sehemu ya juu huzidi kuwa nyembamba, rangi hubadilika, na mwishowe huonekana doa jeusi. Hapo kiputo ki karibu kupasuka.

Kiputo kilicho huru hewani huwa mviringo kwa sababu ngozi hujikaza kadiri iwezavyo, na tufe ndilo umbo lenye uso mdogo kuliko maumbo yote ya ujazo ule ule. Mchemraba wenye ujazo wa lita moja una uso wa sentimita za mraba 600. Tufe la lita hiyo hiyo lina uso wa sentimita za mraba 484 tu. Mkazo huo huibana hewa ya ndani, hivyo kanieneo ya ndani huzidi ile ya nje. Kwa kiputo cha sabuni, tofauti hiyo ni 4T/r, ambapo T ni mvutano wa uso na r ni nusu kipenyo. Kiputo chenye nusu kipenyo cha sentimita 1 kina ziada ya paskali 10. Mjini Shinyanga, penye mwinuko unaozidi mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu paskali 88,000. Hivyo ziada hiyo ni ndogo sana, nayo huwa kubwa zaidi kwa kadiri kiputo kinavyozidi kuwa kidogo.

Vitu vinavyopenda maji na vinavyoyakimbia

Si sabuni peke yake yenye tabia ya kupenda au kukimbia maji. Tone la maji likiwekwa juu ya kioo safi hutandaa. Likiwekwa juu ya jani la gimbi au juu ya nta hujikunja kuwa kama shanga. Kioo hupenda maji, nta huyakimbia. Miamba nayo iko hivyo hivyo. Kwatsi, yaani lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji hulifuata wakitafuta dhahabu, hupenda maji. Almasi huyakimbia.

Tofauti hiyo imewahi kuleta faida kubwa katika uchimbaji wa almasi. Tangu mwisho wa karne ya 19, wachimbaji wa Afrika Kusini walipitisha changarawe iliyochanganywa na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe ya kawaida, yakiwa yamelowa, yaliteleza na kwenda zake. Almasi, isiyolowa kwa urahisi, ilinasa katika grisi. Mkoa wa Shinyanga una mgodi mashuhuri wa almasi huko Mwadui, ambako mwanajiolojia wa Kanada, Dakta John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi mwaka 1940. Mwanafunzi wa mkoa huo akumbuke kwamba meza ya grisi haikuipima almasi kwa thamani yake, wala kwa uzito wake, bali kwa uso wake tu. Kiputo nacho hufanya vivyo hivyo.

Kiputo kinachobeba mbale

Zabibu kavu ikitumbukizwa katika soda iliyofunguliwa sasa hivi, huzama, kisha viputo vya kaboni dioksidi huishika na kuipandisha. Ifikapo juu viputo hupasuka, nayo huzama tena. Viputo vimekibeba kitu kizito kuliko maji. Kwa kanuni hiyo ndugu wawili wa Dresden, Ujerumani, walitenga grafiti na uchafu wake mwaka 1877, wakitumia mafuta na viputo vya maji yanayochemka. Mwaka 1886 Carrie Everson wa Marekani alipata hataza ya kutenga madini kwa mafuta na asidi. Hata hivyo ni katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, huko Broken Hill, Australia, ambapo njia ya povu ilianza kutumika kwa wingi katika migodi.

Njia yenyewe huenda kwa hatua hizi. Mbale husagwa kwanza mpaka chembe zake ziwe ndogo, aghalabu kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu, kisha huchanganywa na maji kuwa tope jepesi. Hutiwa dawa ya kwanza, iitwayo kikusanyi, ambayo molekuli zake zina ncha mbili kama za sabuni. Ncha moja hung'ang'ania madini yenye salfa, kama vile pairaiti na mbale ya shaba. Ncha nyingine huyakimbia maji. Chembe hizo huvaa, kana kwamba ni kanzu, tabaka lisilolowa. Kwatsi haivishwi kanzu hiyo, kwa hiyo hubaki imelowa. Dawa ya pili hulifanya povu lisipasuke upesi. Kisha hewa hupulizwa kutoka chini ya tangi. Viputo hupanda vikizigonga chembe. Zile zisizolowa hunasa, zile zilizolowa huachwa. Povu zito lenye kung'aa humwagika ukingoni mwa tangi, likakusanywa, likachujwa na kukaushwa. Kitu kinachobaki ni unga mzito wenye madini mengi. Huo ndio makinikia.

Nguvu ya kiputo yaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 1 kina ujazo wa takriban milimita za ujazo 0.52, na hivyo huweza kuinua takriban miligramu 0.52. Chembe ya pairaiti yenye upande wa milimita 0.1 ina ujazo wa milimita za ujazo 0.001; kwa kuwa ni nzito mara tano kuliko maji, uzito wake ndani ya maji ni miligramu 0.004. Kwa hesabu hiyo kiputo kimoja chaweza kubeba chembe zaidi ya 100. Matangi ya mgodi hutoa viputo visivyohesabika usiku na mchana.

Makinikia ya Kahama

Mgodi wa Bulyanhulu, katika eneo la Kahama mkoani Shinyanga, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mbale yake ina dhahabu pamoja na fedha na shaba, na sehemu ya dhahabu imefungamana na madini yenye salfa. Kwa sababu hiyo njia ya povu ilitumika huko, na pia katika mgodi wa Buzwagi ulio karibu na mji wa Kahama, ambao ulifungwa mwaka 2021. Makinikia yaliyopatikana yalipelekwa nchi za nje kuyeyushwa, kwa kuwa nchini hapakuwa na kinu cha kuyayeyusha.

Kiputo hakijui dhahabu. Hubeba kila kitu kilichovaa kanzu ile: dhahabu, fedha, shaba, chuma na salfa kwa pamoja. Mtu akiutazama unga huo kwa macho hawezi kutambua kila tani ina gramu ngapi za dhahabu. Njia pekee ni kuchukua sampuli na kuipima. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 yaliyokuwa Dar es Salaam yakachunguzwa. Tarehe 24 Mei 2017 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa kwamba wastani wa dhahabu katika sampuli zake ulikuwa gramu 1,400 kwa tani, ilhali nyaraka za usafirishaji zilionyesha kiasi cha gramu 200. Kampuni iliyomiliki migodi hiyo ilizikataa takwimu za kamati. Mgogoro ulimalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, yaliyothibitisha kampuni ya ubia iitwayo Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.

Uzito wa jambo hilo waonekana katika hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Kontena moja likichukuliwa kuwa na tani 20, makontena 277 yana tani 5,540. Kwa gramu 200 kwa tani, hapo pana dhahabu ya takriban tani 1.1. Kwa gramu 1,400 kwa tani, pana takriban tani 7.8. Tofauti ni zaidi ya tani sita na nusu, nayo yote yatokana na namba moja iliyotoka maabara. Makosa ya sampuli huzidishwa kwa uzito wa shehena nzima. Sampuli ikichotwa juu tu ya kontena, au mahali pamoja tu, yaweza isiwakilishe unga wote, kwa maana chembe nzito huelekea kutulia chini wakati wa safari. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa sehemu nyingi na kwa vina mbalimbali, huchanganywa, hugawanywa, na hupimwa katika maabara zaidi ya moja. Nchi isiyo na watu wanaojua kufanya hivyo hulazimika kuamini namba za mwingine.

Viputo katika matangi ya sianidi

Mbale nyingine haihitaji povu. Katika mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, dhahabu huyeyushwa kwa myeyusho hafifu wa sianidi, kisha hunaswa na mkaa maalumu. Hapo napo viputo vina kazi, lakini si ya kubeba. Kazi yake ni kuleta oksijeni, kama mlinganyo huu unavyoonyesha:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Bila oksijeni mmenyuko huo huzorota. Kadiri viputo vinavyokuwa vidogo na vingi, ndivyo uso wa kukutana kwa hewa na maji unavyokuwa mkubwa, na ndivyo oksijeni inavyoingia upesi. Chokaa hutiwa ili myeyusho usiwe na asidi. La sivyo hutoka gesi ya sianidi hidrojeni, ambayo huua.

Sianidi si ngeni kwa mkulima wa muhogo. Muhogo mchungu una viambata vinavyotoa sumu hiyo hiyo, na ndiyo maana huloweka, huvundika na kuukausha kuwa udaga kabla ya kuusaga. Katika mialo na mahali pa uchenjuaji wa marudio, sianidi na zebaki havionekani kuwa hatari kwa macho, wala havina alama ya kumwonya mtoto anayepita. Hakuna jaribio lolote la shule linalohitaji kimojawapo cha vitu hivyo, na mwanafunzi asivichukue, asivichezee, wala asivilete darasani.

Jaribio: kutenga grafiti na mchanga

Vifaa: chupa mbili safi zenye vifuniko, mchanga laini uliooshwa, unga wa risasi ya penseli laini, maji, mafuta ya taa na kitone. Mwalimu ashike mafuta ya taa mwenyewe, na pasiwe na moto karibu.

1. Katika kila chupa utiwe mchanga wa nusu kijiko cha chai na unga wa penseli kidogo, kisha maji mpaka nusu ya chupa.
2. Chupa ya kwanza isitiwe kitu kingine. Chupa ya pili itiwe tone moja la mafuta ya taa.
3. Chupa zote zifungwe na kutikiswa kwa nguvu kwa muda wa dakika moja, kisha ziachwe zitulie.
4. Wanafunzi watazame ni kitu gani kimebaki juu na ni kipi kimezama, na waandike tofauti ya chupa hizo mbili.
5. Mwishoni chupa ya pili itiwe sabuni nyingi ya maji na itikiswe tena, ili waone kama grafiti itakaa juu kama mwanzo.

Grafiti ni nzito mara mbili na zaidi kuliko maji. Kama inakaa juu, wanafunzi watafute kinachoishikilia.

Maswali

1. Kwa nini povu la maji safi halidumu, ilhali povu la chai ya maziwa hudumu?
2. Viputo vinavyopanda katika sufuria ya maji yanayochemka vina kitu gani ndani yake? Je, ni hewa?
3. Tafuta ziada ya kanieneo katika kiputo cha sabuni chenye nusu kipenyo cha milimita 2.
4. Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 1 chaweza kuinua chembe ngapi za dhahabu zenye upande wa milimita 0.1?
5. Eleza kwa nini sabuni nyingi huharibu utengaji wa grafiti.
6. Gunia la udaga lina mchanga ndani yake. Buni njia ya kuchukua sampuli ili ujue mchanga huo ni asilimia ngapi, na ueleze kwa nini kiganja kimoja cha juu hakitoshi.